Kabla ya bango la nyuklia, vijana waijue gridi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niwaandikie vijana wanaoupigia debe umeme wa nyuklia. Wameongezeka, na hilo ni jambo la heri, maana mjadala huu ulikaa muda mrefu mno mikononi mwa waheshimiwa na washauri wa kigeni. Kule Uswidi, binti aitwaye Ia Aanstoot alikuwa na miaka 18 tu mwaka 2023 alipojitokeza katika kampeni ya kulitaka shirika la mazingira la Greenpeace liache kuipinga nyuklia. Afrika ina African Young Generation in Nuclear, inayowakutanisha vijana wa taaluma hiyo. Kenya nayo ilijiunga Novemba 2024 na nchi zilizoazimia kuongeza uwezo wa nyuklia duniani mara tatu ifikapo 2050. Kwa hiyo upepo wa kutweka tanga upo.

Nina lalamiko moja tu. Wasikilize vijana hawa popote, hoja ya kwanza ni usafi, ya pili ni usafi, na ya tatu ni kwamba nchi zilizoendelea zinayo.

Kwa usafi, wako sahihi na hakuna haja ya kubishana. Ripoti ya mwaka 2014 ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, iliweka kiwango cha kati cha nyuklia kuwa gramu 12 za hewa ukaa kwa kila kilowati-saa, kuanzia kuchimba urani hadi kubomoa kinu kilichozeeka. Upepo wa nchi kavu ni 11, jotoardhi 38, makaa ya mawe 820. Kidonge kimoja cha mafuta ya nyuklia, kisichozidi ncha ya kidole cha mwisho, kina gramu 7 hivi na hutoa joto la karibu tani nzima ya makaa ya mawe.   

Mpelekee hoja hiyo Mpolandi anayeota moto wa makaa ya mawe, ataisikia. Mkenya je? Karibu sehemu tisa kwa kumi za umeme unaozalishwa hapa tayari hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana na jua. Kumwambia mtu wa Naivasha kwamba nyuklia ni safi ni kumpelekea mvuvi omena.

Mwenye nyumba Nairobi au Kisii anauliza swali jingine: mbona stima hupotea? Na hapo ndipo vijana wetu huishiwa na maneno, ilhali ndipo penye kiini cha jambo lenyewe.

Matumizi ya juu kabisa ya umeme nchini, ambayo hufikiwa jioni kati ya saa moja na saa nne, yalivuka megawati 2,300 mwaka 2025. Usiku wa manane hushuka hadi karibu nusu ya hapo. Kanuni ambayo wahandisi wa gridi, yaani mtandao wa mitambo na nyaya unaobeba umeme wa nchi, huishika duniani kote ni kwamba mtambo mmoja usizidi takriban asilimia 10 ya uwezo wa gridi. Sababu yake haihitaji shahada. Mitambo yote huzunguka pamoja, kwa hezi 50, yaani mkondo wa umeme huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Mmoja mkubwa ukianguka ghafla, iliyobaki hubebeshwa mzigo wake papo hapo, hulemewa, na hezi huanza kushuka. Swichi za dharura hukata maeneo kadhaa ili kupunguza mzigo. Hezi zikishuka kwa kasi kuliko swichi zinavyokata, kila mtambo hujitoa wenyewe ili usiharibike, na nchi nzima huingia gizani.

Tuliyaona haya. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Maelezo rasmi yalitaja kupotea kwa megawati 270 kutoka kituo cha upepo cha Turkana. Megawati 270! Sasa chukua kinu cha megawati 1,000, kile kilichotajwa katika mipango yetu ya miaka yote hii, ukichomeke kwenye gridi hiyohiyo. Kikianguka saa mbili usiku, zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa nchi imeondoka. Kikianguka saa tisa usiku, ni zaidi ya robo tatu. Na vinu huanguka. Kihisio kimoja kikitoa ishara ya shaka, kinu hujizima, na ndivyo kilivyoundwa kifanye.

Majirani zetu Watanzania wametoa mfano mzuri bila hata kuwa na nyuklia. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, lakini hazikuwekwa kwenye mtambo mmoja. Zimegawanywa kwa mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Mmoja ukitoka, minane inabaki. Basi kijana anayetetea nyuklia ajue kwamba jumla ya megawati za kituo ni hesabu ya wanasiasa. Mhandisi huuliza megawati ngapi ziko kwenye shafti moja, yaani kwenye mtambo mmoja unaozunguka.

Atakayejibu kwamba tumeunganishwa na majirani yuko nusu ya njia. Laini ya kilovolti 400 kutoka Isinya hadi Singida inasaidia kweli, kwa sababu mitambo ya Kenya na Tanzania sasa huzunguka pamoja na mmoja akijikwaa mwenzake humshika mkono. Laini kutoka Ethiopia ni ya mkondo wa DC, yaani mkondo unaokwenda upande mmoja tu, usio na hezi. Huleta umeme mwingi, lakini uzito wa mitambo ya Ethiopia inayozunguka hauvuki wenyewe tu kuja kutegemeza hezi zetu kama ufanyavyo kwenye laini ya kawaida. Ni lazima vifaa vya pande zote mbili viwe vimepangwa kufanya kazi hiyo. Tofauti hii huwapita hata baadhi ya wanaozungumza redioni.

Kuna pia suala la saa tisa usiku. Kinu hupenda kukimbia mwendo mmoja usiku na mchana, kwa kuwa gharama yake kubwa ni ya kukijenga na mafuta yake ni rahisi. Hivi sasa, usiku ukiwa mkubwa, visima vya Olkaria huachia mvuke hewani kwa kukosa wa kuutumia. Anayeomba kinu aseme nani atanunua umeme wake saa hizo: viwanda vya mbolea, treni, magari ya umeme yanayochaji, au pampu za kurudisha maji bwawani. Bila mnunuzi wa usiku tutakuwa tunalipia mvuke uliomwagwa na kinu kilichobanwa pumzi, vyote kwa bili moja.

Nije kwenye usalama. Hapa pia gridi ndiyo mlango, ingawa wengi huzungumzia mionzi peke yake.

Jiko la makaa halizimi kwa sababu umeipua sufuria. Kinu nacho ni hivyo. Kinu cha megawati 1,000 za umeme hutoa megawati 3,000 hivi za joto. Fimbo za kuzima zikishuka, mpasuko wa atomi husimama ndani ya sekunde chache, lakini mabaki yaliyo ndani ya mafuta huendelea kutoa joto: karibu megawati 200 mara tu baada ya kuzima, kama 40 baada ya saa moja, na 15 hivi baada ya siku nzima. Hizo 15 tu zinatosha kugeuza mvuke karibu lita sita za maji kila sekunde. Pampu lazima zizunguke, na pampu huzungushwa kwa umeme. Umeme huo hutoka wapi ikiwa kinu kimezimwa? Hutoka kwenye gridi ileile. Gridi ikiwa imelala, jenereta za dizeli zishike. Zikikataa, ni betri, nazo kwa kawaida huhesabiwa kwa saa.

Hicho ndicho kilichotokea Fukushima, Japani, tarehe 11 Machi 2011. Tetemeko lilipopiga, vinu vitatu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima sawasawa. Laini za nje zilikatika, dizeli zikawaka. Kisha likaja wimbi la mita 14 hivi juu ya kituo kilichojengwa kwenye kimo cha mita 10, na dizeli nyingi zilikuwa vyumba vya chini. Onagawa, kituo kilicho karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, kilikuwa kimejengwa mita kadhaa juu zaidi, laini yake moja ya nje ikabaki hai, vinu vyake vikapoa salama. Mamia ya wanakijiji waliopoteza nyumba walikimbilia humohumo kituoni kujihifadhi. Pwani ni moja na wimbi ni moja. Kilichotofautiana ni kimo cha kiwanja na umeme wa kupozea.

Kijana akiulizwa kuhusu Fukushima asijibu kwamba haikuua wengi. Aulize kituo chetu kitakuwa na laini ngapi za nje zinazopita njia tofauti, dizeli ngapi, ziko kimo gani, na mafuta ya dizeli ya siku ngapi. Kwenye gridi inayoanguka mara kwa mara, kila anguko ni mtihani kwa dizeli hizo. Gridi mbovu ni tatizo la bili, na pia ni tatizo la usalama wa kinu.

Baada ya Uyombo kule Kilifi kukataa kujengewa kinu, mjadala umehamia Siaya, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria. Kuhusu Uyombo niseme kwa kifupi: waliokataa hawakuwa wajinga. Wana Mida Creek na msitu wa Arabuko Sokoke, wanakula kwa bahari, na Mei 2024 walichokipata ni makabiliano na polisi wakati walichohitaji ni majibu. Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ilifuta kibali cha mradi wa makaa ya mawe wa Lamu, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa umma kutoshirikishwa ipasavyo. Kinu kitafuata njia hiyohiyo wakirudia makosa yaleyale.

Kwa Siaya, swali ni maji. Katika zile megawati 3,000 za joto, theluthi moja huwa umeme na megawati 2,000 lazima zitupwe mahali. Zikitupwa ziwani kwa maji yanayopita mara moja na kutoka yakiwa na joto la nyuzi 10 zaidi, zinahitajika takriban mita za ujazo 48 kila sekunde. Huo ni mto. Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa unaoingia Kenya, ni ya kina kifupi, maji yake hayachanganyiki upesi na ya ziwa kuu, na maji yakipashwa moto hupoteza oksijeni ambayo samaki wanaitegemea. Njia ya pili ni minara ya kupozea. Hiyo huchukua maji machache zaidi, lakini kama mita za ujazo 60,000 hupotea kwa siku kama mvuke, na minara ina bei yake. Vijana wa Rarieda, hukohuko Siaya, wanaoshabikia mradi wadai kujua mapema ni njia ipi, kwa maana wazazi wao ndio wenye mitumbwi.

Halafu kuna gugumaji. Mtu wa Kisumu hahitaji kufundishwa jinsi linavyoziba ufuo kwa usiku mmoja. Mdomo wa kuvutia maji wa kinu una vichungi vinavyozunguka, na vikizibwa kinu huzimwa. Agosti 2025 vinu vinne vya Gravelines, Ufaransa, vilijizima kwa sababu ya konyeza, wale viumbe laini wa baharini, waliojazana kwenye vichungi. Hakuna aliyeumia, ila vinu vinne vilitoka kwa mpigo. Sisi hata kimoja hatukimudu kutoka. Mwaka 2020 nalo ziwa lilipanda likafunika mashamba na gati, kwa hiyo mchoro wa kituo uchukue kimo cha maji ya mwaka ule na kukizidisha. Na ziwa hili tumegawana. Watu wa Mwanza na Entebbe wana haki ya kusikilizwa, na ni afadhali vijana wa nchi tatu waanze kuzungumza kabla ya mawaziri.

Pesa. Tufanye hesabu ya mfano. Kinu cha megawati 1,000 kikijengwa kwa dola 5,000 kwa kila kilowati ni dola bilioni 5. Kikifanya kazi kwa asilimia 90 ya muda, kitatoa karibu kilowati-saa bilioni 7.9 kwa mwaka. Mkopo wa miaka 30 kwa riba ya asilimia 3 unaongeza kama senti 3.2 za dola kwa kila kilowati-saa. Riba ikiwa asilimia 10, ni senti 6.7. Kinu ni kilekile na mafundi ni walewale, lakini mteja analipa zaidi ya mara mbili. Hapo bado hujaweka ucheleweshaji. Olkiluoto 3 ya Finland ilianza kujengwa 2005 ikitarajiwa 2009, ikaingia kazini rasmi 2023. Barakah ya Falme za Kiarabu ilianza 2012 na vinu vyake vinne vimekamilika 2024, vikitoa takriban robo ya umeme wa nchi. Barakah walijenga vinu vinne vya mchoro mmoja, kikosi kikitoka cha kwanza kinaingia cha pili kikiwa kimeshajifunza. Anayejenga kimoja hulipa ada ya shule bila kuvuna elimu.

Hapo ndipo watu hukimbilia vinu vidogo, na kwa gridi yetu mimi ni mmoja wao. Kinu cha megawati 77 au 125 kinaingia chini ya ile asilimia 10. Cha 300 kitasubiri gridi ikue kidogo. Lakini vijana wasimeze vipeperushi vya wauzaji. Mradi wa vinu vidogo wa kampuni ya NuScale huko Idaho, Marekani, ulifutwa Novemba 2023 baada ya bei kupanda. Vya kuonekana kwa macho bado ni vichache: meli ya Urusi yenye vinu viwili vya megawati 35 huko Pevek, na kituo cha Shidao Bay nchini China cha megawati 210. Canada ilitoa kibali cha kujenga kile cha 300 huko Darlington mwaka 2025. Muuzaji akija na mchoro, aulizwe kinachofanya kazi kiko wapi na kimekimbia miaka mingapi. Tusiwe wa kwanza kuvaa kiatu ambacho fundi hajawahi kukishona.

Taka sitazitumia wino mwingi, kwa kuwa ndizo zinazozungumzwa zaidi na kusumbua kidogo zaidi. Kinu cha ukubwa huo hutoa kama tani 20 hadi 25 za mafuta yaliyotumika kwa mwaka. Hukaa dimbwini miaka kadhaa, kisha huhamishiwa makasha makavu ya chuma na zege. Finland imechimba Onkalo, zaidi ya mita 400 chini ya mwamba, ili kuyazika. Swali la kwetu ni la mkataba: muuzaji atayachukua au yatabaki Siaya? Liandikwe kabla ya sahihi.

Jambo ambalo halipewi haki yake ni mdhibiti. Kenya ina NuPEA, wakala wa serikali ambao kazi yake ni kuuendeleza mradi, na ina mamlaka ya udhibiti iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ambayo kazi yake ni kusema hapana inapobidi. Japani kabla ya 2011 mdhibiti alikuwa ndani ya wizara ileile iliyokuwa ikiikuza nyuklia, na tumeona ilikofika. Kijana aliyevishwa fulana na mpigadebe asisahau kuubisha mlango wa mlinzi: bajeti yake inatoka wapi, ana wakaguzi wangapi, na je, anaweza kusimamisha ujenzi bila kumpigia mtu simu?

Mwisho ni mikono ya kazi. Kampeni nyingi huwaita wanafizikia, nao watakuwa wachache kituoni. Vituo vya nyuklia huchelewa kwa zege na kuchomelea. Olkiluoto, zege la msingi lilikutwa na maji mengi kuliko yaliyoruhusiwa. Flamanville ya Ufaransa, iliyoanza 2007 na kuunganishwa kwenye gridi Desemba 2024, ilirudia maungio ya mabomba makuu ya mvuke, mengine yakiwa sehemu zisizofikika kwa urahisi. Na Koeberg, karibu na Cape Town, kituo pekee cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi Afrika, Desemba 2005 bolti iliyokuwa ndani ya jenereta iliiharibu kiasi kwamba rota nyingine, ile sehemu inayozunguka, ikabidi iletwe kutoka Ufaransa, na jimbo zima likaingia miezi ya mgao. Sehemu ya nyuklia haikuguswa. Bolti moja!

Mafundi wetu wa jua kali wana mkono mzuri wa kuchomelea, wasichonacho ni karatasi na kipimo. Ungio la bomba la kinu hukaguliwa kwa eksirei na kwa ultrasauti, na kila fundi ana namba yake inayobaki kwenye rekodi maisha yote ya bomba. Kampeni ya vijana ingeweza kuanza hapo, kwa kudai mashine ya ultrasauti na mwalimu mwenye cheti katika chuo kimoja cha ufundi karibu na Rarieda. Kinu kikija, watu wapo. Kisipokuja, mabomba ya mvuke ya Olkaria yanahitaji ukaguzi uleule, na kazi hiyo ipo leo.

Mhandisi wa mitambo ya umeme,
Naivasha